Penye Kimya, Pita

Kulwa alikufa saa tatu na robo usiku.
Sikusikia kilio. Ni taa tu, ya kijani tangu mwaka juzi,
sasa rangi ya embe bivu, ikipepesa
kwenye kabati la chuma, chumba cha nyuma,
Masjala ya Viwanja, Chumbageni.

Majina niliwabandika mimi, kwa plasta ya hospitali:
Kulwa diski ya kushoto, Doto ya kulia.
Alichoandikiwa mmoja aliandikiwa mwenziwe,
sekunde ileile, nukta kwa nukta,
hata makosa ya karani Shekiondo
aliyeandika "Ngamiyani" miaka miwili mizima.

Nikachomeka diski mpya. Nikaamuru: Doto, mfundishe.
Akaanza, mtiifu, tangu mwanzo wa mwanzo.
Nikamimina chai, nikafungua mkate wa kumimina.
Asilimia nne. Asilimia tisa.

Sasa niwape siri ya kabati hili,
ambayo fundi aliyelifunga alinitajia akicheka,
mguu mmoja tayari garini:
idara kumi zimeahidiwa, kila moja, ghala zima.
Ghala ni moja.
Upimaji wana lao, Kodi wana lao, Mipango Miji wana lao,
na vidole vyote vinaonyesha palepale.
"Hakuna atakayejaza leo," alisema.
"Mtu hupewa shibiri siku anapoikanyaga."
Na kweli, tumeishi hivyo,
kama mwenye sahani tano aliyealika watu mia,
akiomba wasije pamoja.

Ahadi ni deni, tuliambiwa.
Hatukuambiwa linadaiwa usiku gani.

Kwenye thelathini na moja nikaona ghala linavimba.
Hati hazijaongezeka. Makarani wote wamelala kwao.
Nikainama, nikasoma, nikasoma tena,
chai ikapoa:
Doto anamsimulia mgeni kila kitu,
na kila kitu ni pamoja na visivyokuwapo.
Sufuri. Sufuri. Sufuri.
Kurasa ambazo kalamu haijawahi kuzigusa,
viwanja vya ndotoni vya idara kumi,
anavihamisha kimoja kimoja,
na kabati, lisilojua kutenga
mtu na nafasi ya mtu,
linakata ardhi ya kweli, linaupa utupu,
linaupigia bikoni.

Nilimkumbuka mama. Baada ya baba,
tulipohamia Barabara ya Kumi na Nne,
alibeba hata makopo matupu,
hata boksi la viatu lisilo na viatu.
"Yana mahali pake," alisema.
Chumba kikajaa. Tukalala ukumbini.

Saa kumi kasoro, ghala lilifika tisini na tatu.
Likijaa halibishi hodi;
hunyang'anya kalamu za wote kumi
katikati ya neno.
Nikamkatiza Doto.
Kidole kilitetemeka, sifichi:
yeye ndiye pekee aliyebaki akikumbuka Tanga nzima,
nami namziba mdomo.

Nikaamuru upya.
Fagia. Rudisha ardhi isiyojengwa.
Kisha mfundishe yaliyoandikwa tu.
Penye kimya, pita.

Akapita. Wee, akapita!
Kama mtoto arukaye madimbwi, sare ya shule mwilini.
Kabla ya jua, taa zote mbili kijani.
Nikakata plasta, nikaandika Kulwa,
ingawa si yeye.

Saa mbili mlango ukafunguliwa.
Bi Mwanamkasi Chambi: kiwanja mia mbili na sita,
Kitalu D, Kange.
Nikamchapia hati, safi, na muhuri wake.

Nyuma yake Bwana Mbaruku Sekibo, kofia mkononi.
Mia mbili na sita, alisema.
Kitalu D.
Kange.

Nayo ikatoka, safi.
Doto anazo zote mbili. Kulwa mpya anazo zote mbili.
Usiku ule haikupotea hata herufi.

Walitazamana wao kwa wao, wakanigeukia mimi,
karatasi mbili mikononi,
bado zina joto la mashine.